Mkono wa Mashine ya Kanda

Mkono wa mashine ya kanda ulivunjika mwaka wa kimbunga, umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, na tangu hapo Emosi Tuinabua ndiye aliyekuwa mkono. Fundi aliufungua, akautazama, akasema mwingine utaagizwa Singapuri. Wakubwa wa ghorofa ya tano wakaketi, wakanywa chai yao na keki, na jibu lililoshuka ngazi likawa fupi: Emosi si ana mikono miwili? Wa tatu wa nini?

Wahenga walisema ukubwa ni jalala, kila taka hutupwa huko. Katika Kampuni ya Nakoro jalala lilikuwa chini, kwenye chumba cha chini ya jengo pale Walu Bay, bandarini Suva. Wakubwa walikuwa juu, na wao ndio waliokuwa wakitupa.

Nakoro ilikuwa na duka karibu kila kisiwa cha Fiji chenye gati. Kila kilichouzwa, toka mfuko wa unga mpaka msumari, kiliingia kwenye kompyuta, na nakala yake ikaja kulala chumbani kwa Emosi. Kwanza ililala kwenye diski. Diski ni sufuria la jikoni: rahisi kupakua, rahisi kujaa. Ikishakaa siku zake huko, ilihamishiwa kwenye kanda, na kanda ni ghala: haina haraka, haili umeme ikiwa imelala, na hudumu kuliko aliyeiweka. Mashine ikijaza kanda moja huitema nusu, kama mtoto aliyeshiba, na kuwasha taa ya njano ikitaka nyingine. Zamani mkono wa chuma ungeichomoa wenyewe na kuchukua tupu rafuni. Sasa ilikuwa kazi ya Emosi. Kila siku alizipanga zilizojaa kwenye kasha la bati, akazipandisha kwa gari mpaka ghala la zege kule Tamavua kilimani, ili jengo likiungua au bahari ikiingia mjini, kampuni isiamke siku hiyo haijui inamdai nani.

Emosi alisoma mpaka darasa la sita. Ndani ya kanda mna nini hakuambiwa, wala hakuuliza. Alijua njano maana yake lisha, kijani maana yake ngoja.

Kungoja ndiko kulikokuwa kugumu. Zamani walikuwa wawili, yeye na Inoke, na Inoke alikuwa na mdomo. Angeweza kupiga soga kuhusu raga toka kanda ya kwanza mpaka ya mwisho. Wakubwa wakampunguza Inoke. Baada ya hapo sauti ikawa ya mapangaboi tu, na ubaridi ule wa mashine ambao ulimfanya avae koti zito wakati nje Suva nzima inatoka jasho. Chumba hakikuwa na dirisha. Mvua ingeweza kunyesha tangu asubuhi, na mvua ya Suva haijui kuchoka, yeye asijue mpaka aone viatu vya Sunila vimelowa.

Sunila alikuwa karani wa hesabu, mama wa makamo, na ndiye peke yake aliyeshuka huko chini, hasa pale joto la ghorofa ya tano lilipomshinda.

"Mzee Emosi," alimwambia siku moja, akijipepea kwa faili, "hizo ndevu sasa panya wanazaa humo."

"Waache wazae. Angalau watanisalimia."

"Mimi je, sikusalimii?"

"Wewe unasalimia kiyoyozi, dada."

Sunila akacheka, kisha akaacha utani, maana alijua ndevu zile si za uvivu. Zilikuwa za Vilisi.

Vilisi alikuwa mkewe. Mwaka uliopita, wakati wa kufunga hesabu za mwaka, alilazwa kwa ugonjwa wa figo. Emosi alipanda ngazi zote mpaka juu, akamwambia bosi wa wakati huo, Bwana Prakash, kwamba mkewe amezidiwa. Prakash hakuwa mkali. Hao wapole ndio hatari. Alimshika bega, akasema, "Maliza kanda hizi za mwisho wa mwaka, kaka, halafu nenda ukae naye hata mwezi. Hii ni kumbukumbu ya kampuni nzima. Ikipotea tumekwisha sote."

Emosi akashuka. Akailisha mashine kanda baada ya kanda, akiitazama taa kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike. Alipofika hospitali, kitanda cha Vilisi kilikuwa kimetandikwa upya na mwanamke mwingine ameketi juu yake anakula papai. Badala ya ule mwezi alioahidiwa, alipewa siku chache za mazishi. Prakash alipandishwa cheo, akahamia Brisbane. Mtu akikufanyia hivyo kijijini, utakutana naye kisimani, utakutana naye kanisani, ipo siku ataona haya. Wa ofisini hupewa cheo na tiketi ya ndege.

Tangu mazishi, Emosi alivaa nyeusi na hakugusa wembe. Ndivyo ilivyo kwao: mfiwa hujifunga, hujinyima, mpaka ndugu wa marehemu waite watu, wamvue nyeusi mbele ya wote, wamvishe nguo mpya, waseme basi, sasa ishi. Siku hiyo ilikuwa imepangwa. Ndugu wa Vilisi kisiwani Gau walikuwa wamekwisha kufuma mikeka na kufunga nguruwe. Mfiwa asipokuwapo, anavuliwa nani? Wangekula kwa aibu, na yeye angebaki na nyeusi yake kama deni lisilo na mdai. Alikuwa amemkosa Vilisi akikata roho. Hili hakuwa tayari kulikosa.

Ruhusa aliomba mapema, akapewa. Kisha, wiki yenyewe ilipofika, bosi mpya akamwita juu akamnyang'anya.

Bosi mpya alikuwa Bwana Hamish, kijana wa Auckland mwenye meno mengi, asiyetimiza hata mwaka Fiji. "Emosi, nasikitika sana," alisema. "Sikuangalia kalenda. Ijumaa mpaka Jumatatu ndiyo nakala za mwisho wa mwaka. Hakuna mwingine anayebadilisha kanda."

"Kulikuwa na Inoke."

"Nani?"

"Basi, bosi."

"Ungekuwa wikiendi nyingine yoyote, ningekuachia. Si huko kisiwani wanaweza kusogeza mbele?"

Kusogeza. Emosi aliwaza nguruwe, mikeka, wazee waliokwisha kupanda maboti kutoka vijiji vingine, na mchungaji. Akasema asante, maana alilelewa vizuri, akashuka.

Kesho yake alirudi juu akiwa amevaa sulu nyeusi, shuka rasmi ya kiunoni, iliyopigwa pasi, na tai. Mikononi alibeba fungu la mizizi ya yaqona, ile inayopondwa ikawa kinywaji cha heshima, lililofungwa kwa gazeti na utepe, mizizi mirefu ya kisiwa cha Kadavu, iliyomgharimu. Makarani wakaacha kuchapa. Emosi akapiga magoti kwenye zulia mbele ya meza ya Hamish, akaliweka fungu mbele yake, akapiga makofi ya viganja vilivyopindwa kama bakuli, yale mazito. Akaomba. Aliomba kwa Kifiji, maana ombi la namna ile halina lugha nyingine: akamtaja Vilisi, akataja kijiji chake, akaomba njia ya kwenda kumvulia nyeusi. Sauti yake ilikuwa imara mpaka alipolitaja jina.

Hamish alifurahi mno. Siku alipofika nchini alikaribishwa kwa yaqona mbele ya kampuni nzima na akafundishwa namna ya kupokea, na hakuwa amesahau. Akatoka nyuma ya meza, akachuchumaa, akalipokea fungu kwa mikono miwili, akapiga makofi yake, akasema "Vinaka, vinaka vakalevu," yaani asante, asante sana. Machozi yalimlengalenga.

"Umenipa heshima kubwa, Emosi," akasema. "Mbele ya watu wote. Sitasahau." Akalitundika ukutani nyuma ya kiti chake, likawa pambo.

Sunila alimfuata Emosi mpaka kwenye ngazi, akihema.

"Wewe mzee, umefanya nini pale?"

"Nimeomba."

"Kakataa jana!"

"Leo kapokea. Aliyepokea amekubali. Wewe umezaliwa hapa hapa Fiji, Nausori, hilo hulijui?"

"Mimi nalijua. Yeye je? Yule kadhani umemletea zawadi. Hakuelewa hata neno moja."

"Dada Sunila," Emosi akasema, akasimama kidato cha chini, "yale makaratasi waliyotuletea tutie sahihi mwaka ule walipompunguza Inoke, wewe uliyaelewa?"

Sunila akajipepea kwa kiganja.

"Tulitia sahihi. Na walipotubana, walisema si mmesaini? Hakuna aliyeniuliza kama nimeelewa. Yao ni karatasi, yetu ni yaqona. Na yeye kapokea, ofisi nzima imeona."

"Watakufukuza."

"Basi watanifukuza nimenyoa."

Ijumaa aliweka kanda tupu mashineni, taa ikawa kijani, nakala za mwisho wa mwaka zikaanza kushuka. Alisimama mlangoni na begi lake. Kanda ile ingejaa kabla jua halijazama, na ingekaa imetemwa nusu, taa ya njano ikiita chumba kisicho na mtu. Alihisi vibaya, kama mtu anayeacha mbuzi amefungwa bila maji. Kisha akakumbuka papai, akafunga mlango.

Meli ya mizigo ilimfikisha Gau na magunia ya sukari na mabati. Ufukweni shemeji yake Maciu, ndugu mdogo wa Vilisi, alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, anapokea mizigo.

"Shemeji!" akapiga kelele. "Nilidhani wamekutia ndani ya hiyo mashine yako wakaifunga!"

"Walijaribu. Hawakupata kanda ya saizi yangu."

"Loo, tazama ndevu! Kina mama, njooni muone, amekuja mtume!"

Wanawake wakacheka, na dada mkubwa wa Vilisi akacheka hadi kicheko kikageuka kilio, akamshika Emosi kichwa, wakalia pamoja pale pale kwenye mchanga kati ya magunia ya sukari.

Siku ya pili walimkalisha kwenye mkeka katikati ya watu. Wakamvua shati jeusi. Mzee mmoja akamkata ndevu kwa mkasi, kisha wembe, taratibu, bila sabuni ya kutosha, na Emosi akatulia kama kondoo. Wakamvisha shati la maua mekundu, mengi mno kwa umri wake, lililoshonwa kwa kitambaa kimoja na magauni ya kina dada wote. Wimbo ukapanda. Kila mtu akawa mwenye nafuu, ndivyo inavyotakiwa. Hata Maciu, aliyempenda dada yake kuliko mtu yeyote, alikuwa anacheza.

Emosi alipiga makofi na wenzake. Lakini hakuwa amejua kwamba nyeusi ndiyo iliyokuwa ikimshikilia. Mwaka mzima mtu akimwona alijua: huyu ana mke aliyefariki. Sasa alikuwa mzee wa shati la maua. Alitazama huku na huku, kila aliyekuwa amekaa alikuwa amekaa na mtu wake, na pembeni yake palikuwa na nafasi ambayo wote, kwa adabu, waliiacha wazi.

"Baki huku," Maciu akamwambia bakuli la yaqona lilipokuwa linazunguka. "Shamba lipo. Suva una nani?"

"Nina kazi."

"Kazi inakupikia?"

"Wewe mkeo anakupikia, na bado umekonda hivyo?"

Watu wakaangua kicheko, na bakuli likasonga mbele.

Njiani kurudi, Emosi alikaa sitahani akipanga maneno. Watamwita juu. Hamish atakuwa mwekundu. Atasema kumbukumbu ya kampuni nzima, mwaka mzima wa mauzo, hakuna nakala kwenye kanda, unajua ulichofanya? Naye atajibu: ulipokea. Alilirudia neno hilo mpaka likawa laini mdomoni. Na jambo la ajabu, hakuliogopa. Karibu alilitamani. Watakuwa wamemtafuta wikiendi nzima, wamepiga simu, wamegonga mlango wa nyumba yake kule Raiwaqa, wameuliza majirani, Emosi yuko wapi, bila Emosi hatuwezi.

Jumatatu aliingia alfajiri kama kawaida yake. Taa ilikuwa njano. Kanda ilikuwa imetemwa nusu vile vile, na juu yake vumbi jepesi limetua. Chini ya mlango hapakuwa na ujumbe. Simu ya mezani haikuwa na taa ya waliompigia. Alingoja watu wa juu waingie, akapanda. Kiti cha Hamish kilikuwa kitupu.

"Yuko wapi?" akamwuliza Sunila.

"Auckland! Kaenda likizo tangu Jumamosi. Hukujua?" Kisha akamtazama vizuri, akashika mdomo. "Ee Mungu, Mzee Emosi, kumbe una kidevu!"

"Hakuna aliyeniuliza?"

Sunila akatafuta jambo la kumfurahisha. "Mimi nilikuwaza," akasema.

Emosi akashuka. Hakujua la kufanya na maneno yake. Ukutani pembeni ya mashine palikuwa na namba ya Sydney, ambako kampuni ilikuwa na wataalamu wanaoziangalia diski zote kutoka mbali. Namba ya dharura, aliambiwa, ikitokea balaa. Hakuwahi kuipiga. Akaipiga. Akapokea kijana mmoja, akajitaja jina, Declan.

"Napiga toka Suva," Emosi akasema. "Nakala za mwisho wa mwaka hazikwenda kwenye kanda. Ni mimi. Niliondoka. Kanda ilijaa Ijumaa na sikubadilisha."

"Subiri kidogo niangalie." Vidole vikagonga. "Hapana, kaka, kila kitu kiko sawa. Nakala zenu za mwisho wa mwaka ninazo hapa, zimekamilika Ijumaa hiyo hiyo."

"Kwenye kanda?"

"Kwenye diski. Huku. Zinapita kwenye waya wa baharini, zinakuja zenyewe. Na kopi ya pili iko Melbourne." Vidole vikagonga tena. "Kanda gani unayosema?"

"Mashine ya kanda. Hapa chini."

"Bado inafanya kazi?" Kijana akacheka, si kwa ubaya. "Samahani. Ile tuliitoa kwenye mpango. Nadhani hakuna aliyekumbuka kuizima upande wenu. Hata wakaguzi wanachukua ya kwetu. Hukuambiwa?"

"Tangu lini?"

"Kabla sijaajiriwa. Ngoja... hii hapa. Pasaka ya mwaka jana."

Pasaka. Vilisi alikuwa bado anatembea wakati wa Pasaka. Alipika samaki kwa tui la nazi, akalalamika miguu inavimba. Alilazwa baadaye, majira ya kufunga hesabu. Kwa hiyo kanda zile alizozilisha siku ile, moja baada ya moja, akiitazama taa, huku Vilisi anatazama mlango wa wodi, tayari zilikuwa za bure. Kumbukumbu ya kampuni nzima ilikuwa imekwisha kulala salama Sydney. Hawakuhitaji kanda. Hawakumhitaji yeye. Hata ubaya wao haukuwa na sababu. Walimzuia kwa sababu hawakuongea wao kwa wao.

"Halo?" Declan akasema. "Upo? Tutafungua taarifa watu wa huko waizime. Wewe ni nani, uko idara gani?"

"Mimi ni mkono," Emosi akasema.

"Samahani?"

"Usijisumbue kuandika. Nitaizima mwenyewe."

Akaizima. Mapangaboi ya mashine yakapunguza mwendo, yakalia kidogo, yakanyamaza, na chumbani ukaingia ukimya ambao hajawahi kuusikia mle. Akaketi. Mashine ya aina ile ikizimika, lazima mahali fulani mtu aone. Alikaa anaitazama simu. Juu ya kichwa chake viti vilikuwa vinakokotwa, mtu alikuwa anacheka, kikombe kilianguka. Alingoja wapige waulize kulikoni chini huko. Alingoja mpaka harufu ya mchuzi wa makarani ikashuka ngazi, wakala, wakamaliza.

Kisha akavua koti zito, akalitundika kwenye msumari, akatoka.

Nje jua lilikuwa kali, la mchana wa kweli, ambalo hakuwa amelikuta siku ya kazi kwa miaka. Langoni palikuwa na mlinzi wa zamu ya mchana, mtu mzima mwenye kofia kubwa. Hawakujuana. Emosi huingia kabla yake na kutoka baada yake.

"Mzee, subiri," mlinzi akamwita kwa upole, akitoka kibandani. "Ulipoingia sikukuona. Ulikuja kumwona nani humu?"

Emosi akasimama na shati lake la maua mekundu, akafikiri sana, kama mtu aliyeulizwa jambo la haki.

"Sikumkuta mtu," akasema.

"Pole," mlinzi akasema, akamfungulia.